Ndege mmoja kwa vuli: leseni na sheria za kuwinda bata mzinga wa mwitu New York

Anayetaka kuwinda bata mzinga wa mwitu jimboni New York wakati wa vuli aanze na kalenda kabla hajagusa bunduki. Leseni ya uwindaji ya jimbo hili haifuati mwaka wa Januari hadi Desemba. Huanza Septemba 1 na hufa Agosti 31. Kwa hiyo leseni uliyowindia mwezi Mei, hata kama uliilipia Aprili, Oktoba ni karatasi tupu. Katika makosa yote ya karatasi hili ndilo la kawaida zaidi, na haliwapati wageni peke yao. Linawanasa hata waliokwisha kuzeeka porini, kwa sababu vichwani mwa watu Oktoba ni mwisho wa mwaka, ilhali kwa leseni ni mwanzo. Leseni za mwaka mpya huanza kuuzwa mwezi Agosti. Nunua wakati huo, maana wanaoacha mpaka usiku wa kuamkia msimu ndio wanaokuta duka limefungwa.

Vinavyonunuliwa ni viwili. Cha kwanza ni leseni ya uwindaji: dola 22 kwa mkazi wa miaka 16 hadi 69, dola 5 kwa kijana wa miaka 12 hadi 15 na kwa mzee wa miaka 70 na kuendelea, dola 100 kwa asiye mkazi. Cha pili ni kibali cha bata mzinga, dola 10 kwa mkazi na dola 20 kwa mgeni. Leseni bila kibali haikuruhusu kumgusa bata mzinga, na kibali bila leseni hakina kazi. Kibali hicho kimoja hubeba ndege watatu kwa mwaka mzima wa leseni: mmoja wa vuli, awe dume au jike, na wawili wa mwezi Mei, ambao lazima wawe na ndevu kifuani, yaani kishungi kinachoning’inia kama nywele ngumu. Mgao wa vuli na wa Mei hauchanganywi. Huwezi kusema, “Mei sitakuwepo, basi nichukue wawili sasa.” Na usipompata wa vuli, hahamii Mei.

Neno “mkazi” lina maana yake kisheria. Uwe umeishi New York zaidi ya siku 30 mfululizo kabla ya siku ya kuomba. Kumiliki kiwanja au nyumba ya mapumziko huku ukiishi New Jersey hakukufanyi mkazi. Mwanafunzi wa chuo anayesoma muda wote jimboni huhesabiwa mkazi akionyesha uthibitisho wa chuo.

Sasa tuseme jambo ambalo vitabu vya sheria za uwindaji huligusa kidogo, na ambalo watu wetu wa Buffalo, Syracuse na Utica huuliza kwanza: je, asiye raia anaweza kuwinda? Leseni yenyewe haidai uraia. Kinachodai ni sheria ya shirikisho kuhusu silaha. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyepewa hifadhi hawazuiwi kumiliki bunduki kwa sababu ya hali yao ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, ila kuna upenyo: akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, katazo hilo halimhusu. Basi kwake leseni hutangulia na bunduki hufuata, na leseni ikiisha muda Agosti 31, upenyo nao umefungwa mpaka apate mpya. Asiye na hadhi halali asiishike bunduki hata ya rafiki, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Hilo ni kosa la shirikisho, na mwisho wake si faini tu. Vilevile mwenye hukumu ya ugomvi wa nyumbani, hata iwe ya kosa dogo, huenda amekwisha kupoteza haki ya kushika silaha. Huyu amwone wakili kabla ya kwenda dukani.

Kabla ya leseni ya kwanza kuna kozi ya usalama wa uwindaji. Inatolewa bure chini ya Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya jimbo, DEC, na walimu wengi ni wawindaji wa kujitolea. Umri wa chini wa kuisoma ni miaka 11, ingawa kuwinda huanza miaka 12. Kuna kazi ya nyumbani unayoifanya kabla ya siku ya darasa. Ukifika mikono mitupu utarudishwa, na madarasa hujaa mapema. Septemba kupata nafasi ni bahati. Jiandikishe Juni au Julai. Cheti hakiishi muda, na cha jimbo jingine la Marekani kinakubalika. Kijana wa miaka 12 hadi 15 huwinda na mzazi au mlezi, au na mtu mzima ambaye mzazi amemruhusu kwa maandishi, na mtu huyo awe na leseni yake.

Kwa Mkenya yote haya huonekana mageni, kwani kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na anayeonekana na bunduki porini ni ama askari wa wanyamapori ama jangili. Mtanzania aliyewahi kusikia habari za vitalu na vibali atashangaa kidogo tu. Hapa mwindaji mwenye karatasi ni mtu wa kawaida, na leseni yake ndiyo sehemu kubwa ya fedha za kulinda wanyama hao hao. Isitoshe, tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bunduki ndefu na risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 unaorudi majimboni kwa kazi hiyo. Bata mzinga walikwisha kutoweka kabisa New York katikati ya karne ya 19. Walianza kurudi wenyewe wakivuka kutoka Pennsylvania mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha jimbo likaanza kuwanasa na kuwahamishia maeneo mengine. Idadi yao ilifika kileleni karibu mwaka 2001, ikaanza kushuka, na mwaka 2015 msimu wa vuli ukafupishwa na mgao ukawa ndege mmoja jimbo zima. Sababu ni jike. Mei jike asiye na ndevu haguswi. Vuli anaruhusiwa, na kila jike anayekufa Oktoba ni kiota kimoja kilichopungua Juni. Ndiyo maana sheria za vuli zimebana namna hii, na sisi tunaona zimebana kwa haki.

Msimu ni wiki mbili tu, na wiki hizo hutegemea uko wapi. Jimbo limegawanywa katika vitalu vya usimamizi wa wanyamapori, kila kimoja na namba na herufi yake. Kwa utaratibu wa miaka hii, vitalu vya kaskazini hufunguliwa Oktoba 1 hadi 14. Sehemu kubwa ya kusini na magharibi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba, na Suffolk huko Long Island Jumamosi ya tatu ya Novemba. Jiji la New York halifunguliwi. Hesabu tarehe za mwaka wako kwenye mwongozo mpya wa DEC, usitumie wa mwaka jana, kwa sababu Jumamosi huhama. Tena angalia mpaka wa kitalu chenyewe. Mipaka hufuata barabara na mito na mara nyingi hukata katikati ya wilaya, hata ukakuta upande huu wa barabara msimu umefungwa jana na ng’ambo unafunguliwa keshokutwa. Kwa hiyo ukimwuliza mkulima, “Huku msimu umefunguliwa?” anaweza kukujibu kwa nia njema kabisa na bado akakuponza.

Saa nazo zinatega. Mei unaruhusiwa kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na unaacha saa sita mchana. Vuli ni kuchomoza kwa jua hadi kuzama kwake, basi. Hakuna ile nusu saa ya alfajiri. Mwindaji wa kulungu aliye juu ya mti jirani ana saa zake tofauti, kwa hiyo usimfuatishe. Andika saa ya kuchomoza na kuzama ya mji wenyewe unaowinda, kwa sababu kati ya Long Island na Buffalo kuna tofauti ya dakika nyingi.

Silaha ya kawaida ni bunduki ya marisau, yaani inayotawanya chembe nyingi ndogo kwa pigo moja; upinde na mshale pia ni halali. Raifoli hairuhusiwi kabisa, hata ndogo ya sungura, wala bastola inayopiga risasi moja moja badala ya marisau. Marisau yasizidi ukubwa wa namba 2. Hapa wengi hujikwaa: namba ikipanda, chembe inapungua. Namba 6 ni ndogo kuliko namba 4, na BB, saizi inayoandikwa kwa herufi, ni kubwa kuliko zote hizo, hivyo ganda la BB lililobaki kwenye koti tangu safari ya bata bukini liache nyumbani. Wengi wetu hutumia namba 4, 5 au 6. Bunduki ya kujijaza yenyewe isibebe zaidi ya risasi 6 kwa jumla.

Kununua bunduki ya marisau nje ya Jiji la New York hakuhitaji kibali cha pekee kwa mtu mzima asiye na pingamizi, lakini jijini kunahitaji. Tangu Septemba 13, 2023, polisi wa jimbo ndio wanaoendesha uchunguzi wa mnunuzi, kwa ada ya dola 9 kwa bunduki na dola 2.50 kwa kila ununuzi wa risasi. Majibu mara nyingine huja papo hapo, mara nyingine hukawia siku kadhaa. Anayekwenda kununua maganda Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumamosi alfajiri anacheza kamari.

Bunduki isiwe na risasi ndani ya gari, si kwenye chemba wala kwenye magazini, hata gari likiwa limesimama. Usipige ukiwa ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka nyumba ya mtu, shule, uwanja wa watoto au banda la shamba linalotumika, isipokuwa una ruhusa ya mwenyewe. Kwa upinde ni futi 150. Marisau yasivuke barabara ya umma. Chambo ni marufuku: mahindi yaliyomwagwa chini ya mti yanatosha kukutia hatiani hata kama aliyeyamwaga ni mwingine, basi ukiyakuta ondoka. Shamba la mahindi lililovunwa kwa kawaida si chambo. Vifaa vya umeme vya kuigiza sauti haviruhusiwi. Vya mdomo na vya mkono ndiyo. Mbwa, ambaye Mei ni marufuku, vuli anaruhusiwa, na ana kazi kubwa kama tutakavyoona.

Ardhi ya mtu huingii bila idhini, iwe na mabango au haina. Omba wiki kadhaa kabla, mchana, bila bunduki, na uombe maandishi, maana mke anaweza kukuruhusu na mume asijue. Misitu ya jimbo iko wazi kwa umma, na kwa anayeanza ndiko tunakomwelekeza.

Porini, vuli ni mchezo mwingine kabisa. Dume hafuati tena sauti ya jike. Ndege wako kwenye makundi: majike na watoto walioanguliwa Juni, ambao Oktoba wanakaribia umbo la mama zao, madume wakubwa hutembea kivyao. Anayewajua kanga wa kwetu atalielewa kundi hili haraka, kwa sababu nao hukimbia kwanza, huruka baadaye, na usalama wao ni kuwa pamoja. Watafute kwa alama. Majani yaliyoparuliwa chini ya mialoni, kwa vipande vipande, huonyesha walipokula. Kama udongo chini yake bado ni mbichi, wamepita leo. Mavi ya dume hukaa kama fimbo iliyopinda ncha, ya jike hujikunja kama konokono. Mwaka ambao mialoni imezaa sana hutawanyika msituni na ni vigumu kuwapata. Mialoni ikikosa, wanatoka mashambani na unawaona kwa mbali.

Ukiwapata, kazi ni kuwatawanya. Toa risasi kwenye bunduki kwanza, halafu kimbilia katikati ya kundi ukipiga kelele, au mwachie mbwa kazi hiyo. Wakiruka wote upande mmoja umekosa: watakutana huko huko na hawatakuwa na haja ya kurudi. Wakiruka kila mmoja kivyake, kaa pale pale walipoachana, mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako, jaza bunduki, nyamaza. Baada ya robo saa hivi utasikia mluzi mwembamba wa watoto, kii-kii-kii, wakimtafuta mama. Waigize hivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kuanza mapema na kupiga miito mingi, au kuhamia sehemu nyingine kwa kukosa subira.

Wanaporudi ndipo sheria ya ndege mmoja inapokutana na bunduki. Wanakuja wawili, watatu, shingo zimesimama, na vichwa vinapishana. Bunduki yenye mdomo uliobanwa sana hutawanya marisau kwenye duara la karibu sentimita 75 ikifika mita 36. Pima hapo: ndege wa nyuma aliye hatua mbili, kichwa chake kikiwa ndani ya duara hilo, anapigwa na chembe zile zile. Matokeo ni ndege wawili chini na lebo moja ya kumwandikisha ndege mfukoni, au mmoja chini na mwingine aliyejeruhiwa akifia vichakani usikomwona. Kwa hiyo husubiriwa ndege aliyejitenga, mbele na nyuma yake pakiwa patupu, ndani ya mita 35, na hulengwa pale manyoya ya shingo yanapokutana na ngozi tupu. Kifuani hapana, mabawa na mifupa huzuia chembe na ndege huondoka na majeraha. Jaribu bunduki yako kwenye karatasi kubwa kwa umbali huo kabla ya msimu, na ganda lile lile utakalotumia. Ikitokea wawili wameanguka kwa bahati mbaya, usifiche mmoja. Mpigie afisa wa uhifadhi hapo hapo na umweleze ilivyokuwa. Hali ya aliyejisema na ya aliyekutwa haiwi moja.

Kuhusu usalama: usivae chekundu, cheupe wala buluu, kwani ndizo rangi za kichwa cha dume. Usiinyemelee sauti ya bata mzinga, huenda ni binadamu mwenzako anayeigiza. Vazi la rangi ya chungwa au waridi inayong’aa linashurutishwa kwa wawindaji wa kulungu na dubu wenye bunduki, si kwako, ila Oktoba msitu una watu wengi. Vaa chungwa unapotembea, funga kitambaa chake kwenye mti unapokaa, na umbebe ndege ndani yake unapotoka.

Ndege akianguka, funga usalama wa bunduki, hakikisha amekufa, kisha jaza lebo ya vuli kwa kalamu ya wino mahali hapo hapo. Si garini wala nyumbani. Kalamu ya kawaida huganda kwenye baridi, kwa hiyo beba mbili na ziwe karibu na mwili. Hakikisha ni lebo ya vuli, maana za Mei zinafanana nayo na wengi wamejaza isiyo yenyewe kwa haraka. Lebo haiazimwi wala haigawiwi, hata kwa mke au mtoto. Kisha una siku 7 za kutoa taarifa DEC, kwa simu, mtandaoni au kwa programu ya HuntFishNY. Kabla ya kunyonyoa, andika wilaya, mji na tarehe, pima ndevu kama zipo, na tazama manyoya ya kifua: ncha nyeusi ni dume, ncha za kahawia ni jike. Ukishamnyonyoa, jinsia ya ndege mchanga huijui tena kwa urahisi. Baada ya kutuma taarifa hifadhi namba ya uthibitisho.

Nyama ya mwitu haiuzwi, hata kwa jirani anayekulazimisha kupokea dola ishirini za mafuta ya gari. Kumpa bure unaweza. Oktoba kuna siku zenye joto, hivyo toa matumbo na gole, yaani mfuko wa chakula wa shingoni, mapema na umwekee barafu tumboni. Pitisha kidole kwenye nyama ya shingo na kifua ukitafuta chembe za marisau. Kifua cha ndege wa vuli huchomwa au hukaangwa bila shida; mapaja ya chini yana mishipa migumu kama vijiti, na hayo ni ya mchuzi wa saa tatu, moto mdogo, mpaka nyama iachie mfupa.